Deki Kumi na Moja za Shangani

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Duka jipya limefunguliwa mbele yangu. Si kando, si nyuma. Mbele! Nikiinua kichwa tu, nalo hilo. Mwenyewe ni Mama Jesca, mke wa Emmanueli wa bandarini, watu wa Bukoba. Anakodisha sinema kama mimi, ila zake ziko kwenye sidii.

Nimeishika moja. Nyepesi kama ganda la kitunguu. Mtu akiikalia, biashara imekwisha. Mkanda una uzito. Ukiukodi unajua umekodi kitu. Mimi ninayo mikanda mia tatu na kumi na miwili, yote nimeipanga kwa mkono wangu: ya ngumi karibu na mlango, ya mapenzi ndani kidogo kwa heshima. Miaka tisa sasa mji huu wa Mtwara unatazama ninachotaka mimi.

Jioni Mama Jesca kaja na sahani ya senene wa kukaanga, wale panzi wa kwao. Eti salamu za ujirani. Nimemwelewa mara moja. Anataka kunilegeza. Nimewala wote ili asidhani namwogopa.

Mke wangu, Tatu, kauliza kwa nini na sisi tusinunue deki ya sidii. Nimemweleza kwa upole kwamba sidii ni mambo ya kupita. Alikuwa anakuna nazi. Aliendelea kukuna.

Jumatano, 8 Oktoba

Mpango. Kila mtu anajua deki ya sidii inasoma kwa mwanga. Mwanga mwekundu, wa kujificha. Asubuhi nimekwenda kunyoa kwa Juma kinyozi, ingawa nilinyoa juzi. Nikasema, kama mtu anayejisemea tu, kwamba mwanga ule unapofua macho taratibu. Unaanza na jicho la kushoto. Sikutaja duka la mtu. Juma aliacha mkasi hewani.

Kwa Juma habari hailali. Kufikia alasiri itakuwa sokoni. Sina nywele tena, lakini nina furaha.

Ijumaa, 10 Oktoba

Habari imefika sokoni, ikageuka, ikarudi. Sasa inasema video zinapofua macho. Zote! Baada ya swala ya Ijumaa wateja watatu wamenirudishia mikanda kabla ya siku zake. Mwalimu Anna, mteja wangu bora, karudisha minne, hata mmoja hakuuzungusha urudi mwanzo. Kasema jicho lake la kushoto linamwasha tangu jana, na kwamba mtu mwenye roho nzuri angemwonya mapema.

Mama Jesca naye walimuuliza. Aliwaambia wasogeze viti nyuma kidogo. Basi. Wakaridhika! Wakakodi sidii, wakaenda nyumbani kusogeza viti.

Jumamosi, 11 Oktoba

Hakuna umeme tangu asubuhi. Hakuna mteja kwangu, hakuna mteja kwake. Siku nzuri.

Jumapili, 12 Oktoba

Wazo kubwa. Watu wa Shangani wananunua deki za sidii, na zile deki za mikanda wanazitupa stoo. Nikizikusanya zote, siku sidii zitakapoharibika, na zitaharibika, mji mzima utakuja kunipigia magoti.

Nimeazima mkokoteni, nikausukuma mwenyewe nyumba kwa nyumba. Sikuamini. Wanazitoa bure! Mhasibu mmoja alinishukuru kwa mikono miwili. Mama mmoja aliniombea dua. Mzee mmoja alinifuata hadi barabarani, anahema, kunipa rimoti niliyoisahau. Deki kumi na moja kwa asubuhi moja. Nilijizuia kucheka mpaka nikapita kona.

Tatu kauliza unga tutauweka wapi. Nimemwambia juu ya deki. Binti yetu Zainabu tayari kapata meza ya kuandikia: deki tatu chini, moja juu. Hakuna aliyenishukuru.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kaja Bi Mwanakombo kutoka kijijini Ziwani, na beseni la ming'oko, mizizi ya porini ya kuchemsha, kichwani. Huyu si mteja. Ana mkanda wake, mimi namtunzia tu, rafu ya juu kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni. Ni harusi ya binti yake Asia, mwaka tisini na nne. Kwao hakuna umeme, kwa hiyo kila mwaka akishauza korosho huja dukani, anakaa kwenye kiti changu, anatazama. Harusi yenyewe haimshughulishi. Anamsubiri marehemu mumewe, Mzee Shabani, asimame aseme neno. Dakika mbili. Kisha anashukuru, anarudi Ziwani. Picha nyingine pekee ya marehemu ni ya kitambulisho, na pale anaonekana kama kakamatwa.

Mwaka huu kaja mapema. Asia kajifungua mtoto wa kiume huko Dar es Salaam, kamwita Shabani. Bibi anapanda basi Alhamisi ya tarehe ishirini na tatu, kabla ya Ramadhani. Anataka mtoto amwone somo yake. Lakini kwa Asia kuna deki ya sidii tu. Bi Mwanakombo kasikia kwamba Mama Jesca ana kompyuta inayohamisha nkanda (yeye husema nkanda) ukawa sidii. Akaniuliza kama anaweza kumpelekea.

Kumpelekea Mama Jesca! Nimesema hakuna haja. Kazi hiyo naifanya mwenyewe, tena kila siku. Sijui sentensi ile ilitoka wapi, ila ilitoka vizuri. Bi Mwanakombo akaniwekea mkono kichwani, akaniombea. Tatu alikuwapo. Hakuitikia amina.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimeazima deki ya sidii ya Juma kinyozi. Nimeiunganisha kwa waya na deki yangu, nikatia sidii tupu. Nimebonyeza kila kinachobonyezeka. Kumbe mashine ile inasoma tu, haiandiki. Imenichukua saa tatu kulijua hilo, na mashine ilikuwa inajua tangu mwanzo.

Nikasema labda deki yangu imechoka, ndiyo maana picha haivuki. Nikachagua iliyo nzuri kuliko zote kumi na moja, ya yule mhasibu, yenye taa za kijani. Nikatia mkanda wa Bi Mwanakombo. Harusi ikaanza. Ngoma. Wali. Shangazi wa bwana harusi, anakula. Shangazi wa bwana harusi, bado anakula. Kisha Mzee Shabani akashika mikono ya kiti ili ainuke.

Deki ikatoa sauti ya mtu anayetafuna korosho.

Nikabonyeza itoe. Ikanipa kasha la mkanda, utepe ikabaki nao. Nikavuta taratibu. Nikavuta kidogo zaidi.

Umekatika.

Nimeufunga kwenye leso. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sijafungua duka. Naumwa. Tatu kauliza wapi. Nimesema mgongo. Kasema asubuhi nilisema tumbo. Nimesema ugonjwa umehama.

Ijumaa, 17 Oktoba

Usingizi hakuna, lakini mpango upo. Harusi ile ilipigwa video na Baraka, aliyekuwa na kamera kubwa kuliko zote Mtwara wakati ule. Siku hizi yuko Kilambo, anawauzia chai na maandazi watu wanaosubiri kuvuka mto Ruvuma. Mpiga picha lazima ana mkanda wa asili! Nimedandia pikapu ya magunia ya chumvi, nikala vumbi mpaka huko.

Baraka alinikumbuka, akanipa chai. Mkanda wa asili alikuwa nao, ndiyo. Mmoja. Akautumia kupigia harusi iliyofuata, na iliyofuata, na nyingine tisa. Kasema mabibi harusi wote wa mwaka ule wamelaliana humo, na wa juu kabisa alikwisha kuachika.

Nikawa nimekwama. Hapo nikamtazama vizuri. Mrefu. Mabega yale yale. Nikamuuliza, anakumbuka maneno ya marehemu? Anayakumbuka, hata sauti akaiga, pale pale penye birika. Basi nikamfunulia mpango: avae kanzu na kofia, apigwe picha kwa nyuma, aseme yale maneno. Ni dakika mbili tu. Bibi ana macho ya uzee.

Baraka aliweka chini kikombe alichokuwa anakifuta.

"Shafii," akasema, "yule mama ameishi na yule mtu karibu miaka thelathini. Wewe utamdanganya kwa mgongo wangu?"

Nilikula andazi. Nilipoondoka hakunitoza chai wala andazi, na hilo liliniumiza zaidi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Aibu ya mwaka.

Bi Mwanakombo kaja mjini kukata tiketi ya basi. Nilimwona akivuka barabara. Sikupanga; miguu ilipanga. Nikajikuta chini ya meza ya duka, kati ya deki sita. Tatu alikuwa kwenye kiti changu. Akasema sipo. Bi Mwanakombo akasema hana haraka, akaketi. Nikasikia kiti kinalia.

Wakazungumza. Bei ya mabibo, mguu wa nani umevimba, mjukuu anafanana na nani. Mguu wangu wa kulia ukafa ganzi. Kisha Bi Mwanakombo akasema, kwa sauti ya mtu anayeungama:

"Unajua, Tatu mwanangu, uso wake naukumbuka. Sauti ndiyo inaniponyoka. Ikifika mwezi wa nane, wa tisa, nikitaka kumsikia kichwani namsikia ndugu yake. Ndiyo maana nakuja. Nakuja kuichukua tena."

Mimi chini nilikuwa na leso mfukoni. Niliishika. Sijui kwa nini niliishika, haikusaidia.

Alipoondoka, Tatu, bila kuinama, akasema naweza kutoka. Nikashindwa kwa sababu ya mguu. Ikabidi nimweleze yote nikiwa huko huko chini, na labda ilikuwa afadhali. Nilimweleza deki, korosho, Kilambo, hata kanzu ya Baraka. Kisha mkono wake ukaja chini ya meza, umefunguliwa. Nikaweka leso.

Nilimkataza kuvuka barabara. Nilimkataza kama mume. Alikuwa keshavuka.

Jumapili, 19 Oktoba

Mama Jesca kasema niende mwenyewe saa nane, akitoka kanisani na kula. Nimekwenda na sura ya mtu anayepita tu. Nilikuwa tayari kwa kicheko chake, na jibu nilikuwa nimelitunga usiku kucha. Hakucheka. Jibu zuri vile, limeniozea mdomoni.

Aliifungua leso mezani, akautazama ule utepe uliojikunja, akaniambia, "Baba Zainabu, mimi kompyuta naijua. Mikanda siijui. Hii kazi ni yako."

Nikamwambia siwezi. Ni kweli. Nimeunga mikanda mingi maishani, ya ngumi, ya mapenzi, nikiwa natafuna muhogo wa kuchoma. Huu sikuthubutu hata kuufungua. Mama Jesca akasema yeye atashika taa na ncha moja, nishike nyingine. Hatakuwa na haraka.

Basi tukafanya. Nikafungua skrubu tano za kasha. Nikanyoosha utepe kwa kidole na pamba. Kipande cha urefu wa mkono kilikuwa kimesagika kabisa. Nikakikata kwa wembe. Nikaunga kwa selotepu, upande wa nyuma, nikapunguza kingo. Jasho lilinidondoka, Mama Jesca akaweka kitambaa chini ya kidevu changu bila kusema neno, kama kwa daktari. Ilituchukua saa nzima. Mumewe Emmanueli alipita akatusalimu, hatukuitikia.

Kisha Mama Jesca akauliza deki. Yeye hana deki ya mikanda. Hana! Mtaa mzima hauna, zote walishazitoa. Nikasimama wima. Nikavuka barabara, nikarudi na mkokoteni umejaa deki.

Yangu ya dukani imechoka kweli; kati ya zile kumi na moja, inayofanya kazi vizuri ni moja. Ya yule mzee wa rimoti. Moja inatosha! Nilisema mimi kwamba deki ni mali. Nimemwambia Tatu. Kasema kumi zilizobaki zisirudi jikoni.

Jumatatu, 20 Oktoba

Tumeanza kuhamisha asubuhi. Ngoma imeingia kwenye kompyuta. Wali umeingia. Umeme umekatika. Umerudi mchana, tukaanza upya. Ngoma, wali, shangazi. Kila mtu alishika pumzi kiungo kilipokaribia kupita. Kimepita! Kama mtu anayeruka tuta.

Mama Jesca alipiga makofi. Mimi nilijizuia, lakini mkono mmoja uliupiga mwingine.

Jumatano, 22 Oktoba

Leo Bi Mwanakombo kaja kuchukua sidii yake. Nilikuwa nimepanga nitakavyosema: kazi ilikuwa ngumu, ila kwa uzoefu wangu, na kadhalika. Nilikuwa nimepanga hata pa kuweka mkono. Tulimkalisha dukani kwa Mama Jesca, maana mashine iko kule. Walikuwapo Tatu, Zainabu, Juma kinyozi ambaye hakualikwa, na Mwalimu Anna, kasogeza kiti nyuma.

Harusi ikaanza. Shangazi wa bwana harusi akachukua tonge, akalipeleka mdomoni, akatoweka. Mzee Shabani akawa amesimama. Hakuinuka, alikuwa amesimama tu, mrefu, kofia imemkaa upande.

"Nkwe wangu," akasema. "Huyu binti anaamka mapema. Usidhani ni sifa tu, atakuamsha na wewe. Mimi mama yake kaniamsha miaka ishirini na mitano, na kila asubuhi nimenung'unika. Bila yeye ningekuwa bado nimelala. Basi. Kuleni, wali unapoa."

Watu wa kwenye harusi wakacheka. Dukani hakucheka mtu.

Bi Mwanakombo alikuwa ameweka kiganja mdomoni. Akaomba arudiwe. Mama Jesca akabonyeza mara moja, na marehemu akawa amesimama tena, papo hapo, bila kusubiri. Bi Mwanakombo akashtuka. Kwenye mkanda, akasema, ilibidi angoje. Mzee alirudi kinyumenyume, akakaa, ndipo akaanza upya. Sasa yuko tayari tu.

Kisha akauliza pale alipokuwa anainuka pamekwenda wapi.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo kusema yale ya uzoefu. Yakatoka mengine. Nikasema nimeukata. Nikasema niliutia kwenye deki mbovu kwa sababu sikutaka aende kwa Mama Jesca, na kazi ile sijawahi kuifanya hata siku moja, na Jumamosi nilikuwapo.

"Jumamosi niliuona mguu wako," akasema Bi Mwanakombo. "Nikasema huyu atatoka akiwa tayari."

Akaitazama tena ile skrini. Mzee Shabani alikuwa amesimamishwa pale, mdomo wazi.

"Siku ile goti lilikuwa linamuuma sana," akasema. "Aliinuka kwa tabu, nami kila mwaka nikifika hapo nafumba macho. Sasa hainuki. Yuko wima." Akafuta uso kwa ncha ya khanga. "Mwacheni hivyo hivyo. Na yule shangazi naye alikuwa amekula ya kutosha."

Alipotoka na sidii yake kifuani, Mama Jesca alilia. Nikampa leso. Ile ile, lakini Tatu alikuwa ameifua.

Jumamosi, 25 Oktoba

Bi Mwanakombo kafika Dar es Salaam salama. Kapiga simu kwa Juma kinyozi. Mtoto alimtazama babu yake mara mbili, ya tatu akalala. Asia hajalala.

Habari imetapakaa. Tangu Alhamisi watu wanakuja na mikanda ya harusi, ya jando, ya mahafali, ya wazazi waliofariki, wanataka iwe sidii. Mama Jesca kavuka barabara kuniomba tufanye kazi pamoja: mimi mikanda na deki, yeye kompyuta. Kasema mji mzima una kumbukumbu kwenye mikanda, na mtu anayejua kuiunga ni mimi peke yangu. Tatu alikuwa amekwisha kutikisa kichwa kukubali kabla hajamaliza.

Nimemshukuru. Nimemwambia kwa sasa sitaweza. Nina jambo kubwa zaidi.

Hemedi, yule mwenye ofisi ya simu karibu na posta, anauza mashine yake ya faksi. Mashine nzito, ya uhakika, inatoa karatasi! Kasema watu siku hizi wananunua simu za mkononi, amechoka kukaa. Hana uvumilivu wa biashara. Nilipomwambia naichukua, aliibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwangu, anakimbia, akaondoka kabla sijabadili mawazo. Hajui alichonipa. Nilijizuia kucheka mpaka alipopita kona.

Nimeshaandika kibao: FAKSI HAPA, DUNIA NZIMA. Nimekipigilia juu ya mlango.

Tatu kauliza tutamtumia nani, maana hajui mtu mwingine Mtwara mwenye faksi. Nimemweleza kwa upole kwamba wataanza wao.